Jinsi ya kupata mayai yenye mbegu, na kuyatambua kabla hujawasha mashine

Mwishoni mwa mwezi wa tano mwaka jana, jirani yangu aliniletea trei mbili za mayai nimtotoleshee. Mashine yangu inachukua mayai 176, na anayeleta analipia nafasi ya kila yai, litotoe lisitotoe. Siku ya saba nikayapima kwa mwanga. Katika mayai yake 60, mayai 17 yalikuwa na mishipa. Yale 43 yaliyobaki yalikuwa meupe pe, tochi inapita ndani kama inapita kwenye glasi ya maji. Nilipompigia simu hakuzunguka: "Mama, mashine yako imeua mayai yangu."

Nilimwomba aje na mayai matano aliyookota asubuhi ile ile. Nikayapasua moja moja kwenye sahani nyeupe, na la kwangu moja pembeni. Manne ya kwake yalikuwa na kidoa tu, alama ya yai lisilo na mbegu ya jogoo. La tano lilikuwa na pete, alama ya yai lenye mbegu, na la kwangu lilikuwa na pete. Nikamwonyesha kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, nikamwambia: "Haya manne hayajawahi kuwa na kifaranga cha kufa." Akanyamaza kidogo, kisha akakumbuka. Jogoo wake alichinjwa Pasaka, wiki tano zilizopita. Lile la tano lilitagwa na tetea mweupe mwenye tabia ya kuruka ua kwenda kwa majirani wa upande wa pili, ambako jogoo yupo.

Nilifundisha baiolojia sekondari miaka 18 kabla sijahamia kwenye kuku moja kwa moja, hapa Singida. Somo la utungisho nimelichora ubaoni mara nyingi, mviringo mkubwa na viluwiluwi vyenye mikia vikiuzunguka, na wanafunzi wamelikariri wakafaulu. Lakini nimelielewa vizuri zaidi nilipoanza kupasua mayai kwenye sahani. Mfugaji anayeijua zaigoti, ile seli ya kwanza kabisa inayotokea mbegu ya jogoo inapoungana na yai la tetea, anajua pia wapi vifaranga vyake vinapotelea. Wengi tunavitafuta kwenye mashine, na mara nyingi havikufika huko.

Anza na sahani

Kabla ya kusoma zaidi, kama una mayai ndani, kapasue moja. Tumia sahani nyeupe, isiyo na maua. Pasua taratibu ili kiini cha njano kisipasuke, kisha kiache kitulie kama dakika moja. Upande wenye kidoa ni mwepesi, kwa hiyo kiini hujigeuza chenyewe mpaka kidoa kije juu. Kisipokuja, kisukume kiini polepole kwa mgongo wa kijiko. Washa tochi ya simu, uimulike kutoka ubavuni. Mwanga wa kutoka juu unang'aa kwenye ute na kukuficha unachokitafuta.

Utaona alama nyeupe juu ya ile njano. Kila yai linayo, hata la kuku ambaye hajawahi kumwona jogoo. Kazi yako ni kutofautisha aina mbili.

Yai lisilo na mbegu lina kidoa kidogo, cheupe cha kukolea, kimejikunja mahali pamoja, na kingo zake hazikunyooka. Ukubwa wake ni kama punje ya ulezi. Yai lenye mbegu lina kitu kikubwa kidogo, kama punje ya mtama, nacho ni cha duara safi: pete nyeupe kwa nje, na katikati kuna eneo lililofifia ambalo linakaribia kuwa wazi. Ukishaiona pete mara tatu nne hutaisahau. Binti yangu aliweza kuzitenganisha kabla hajaanza darasa la tano.

Kuna vitu viwili vinavyowachanganya watu. Kimoja ni zile kamba nyeupe za ute zilizojisokota pande mbili za kiini. Nimesikia watu wazima wakisema ndiyo mbegu ya jogoo. Hapana. Ni kamba za kukishikilia kiini kikae katikati ya yai kisigonge ganda, na mayai yote yanazo. Kingine ni tone la damu. Tone la damu linatokana na kamshipa kaliopasuka ndani ya tetea wakati kiini kinaachia, na linaweza kutokea kwenye yai la kuku wa kisasa aliyekaa bandani mwaka mzima bila jogoo.

Yai moja halitoshi kuhukumu. Pasua matano, au kumi kama kundi ni kubwa, kutoka kwenye kapu lile lile unalotaka kutotolesha. Hakuna hasara, yakaange ule. Yai lenye pete ambalo halijaatamiwa ni chakula kama mayai mengine, ladha haibadiliki.

Kinachotokea ndani ya tetea

Kila aliyewahi kumchinja kuku anayetaga ameuona mpango huu bila kujua anautazama. Ukimpasua unakuta kichala cha vimayai vya njano: kikubwa kama kile cha yai la dukani, kinachofuata kama gololi, kingine kama punje ya hindi, mpaka vile vidogo kama mchele. Hiyo ndiyo ovari. Kuku anayo moja inayofanya kazi, ya upande wa kushoto. Ya kulia hukoma kukua mapema. Kila kimojawapo cha vile vimayai ni seli moja. Ndiyo, kile kiini kizima cha njano ni seli moja tu, iliyojazwa chakula kwa siku kama nane hadi kumi mpaka ikavimba. Sehemu yake yenye uhai ni kile kidoa cheupe, na ndani ya kidoa kuna kiini cha seli. Kiswahili kinatupa neno moja kwa vitu viwili, kiini cha njano na kiini cha seli, na hapo ndipo wanafunzi wangu wengi walipopotea. Wakabaki wanaamini kwamba ile njano ndiyo inayogeuka kifaranga. Ile njano ni akiba ya chakula. Mabaki yake huingia tumboni mwa kifaranga muda mfupi kabla hajatoboa ganda, ndiyo maana kifaranga wa siku moja anaweza kusafiri na basi kutwa nzima bila kula asife.

Kiini cha njano kikishakomaa kinaachia kutoka kwenye kichala, kinadakwa na mdomo wa mrija wa mayai. Mdomo huo ni mpana na mwembamba kama kitambaa, umbo la faneli. Hapo kinakaa robo saa hivi, pengine nusu saa. Hapo ndipo penye jambo lote. Mbegu za jogoo zinapaswa kuwa zimeshafika na zinasubiri, kwa sababu kiini kikishavuka faneli kinaanza kuvikwa ute, na mbegu haiwezi tena kukifikia. Ganda nalo linakuja saa nyingi baadaye. Kwa hiyo jogoo anayempanda tetea asubuhi ambaye yai lake limeshavikwa ganda hajalisaidia yai hilo kwa lolote. Amelisaidia la kesho na la keshokutwa.

Ndani ya ile robo saa mbegu kadhaa hupenya kwenye kidoa, si moja. Kwa ndege ndivyo ilivyo, na haina madhara. Lakini kiini cha mbegu moja tu ndicho kinachoungana na kiini cha seli ya tetea. Nyingine zinakufa humo humo. Mbegu imeleta kromosomu 39, zile nyuzi ndogo zinazobeba urithi, yai lina kromosomu 39, jumla zinakuwa 78, hesabu kamili ya kuku. Wakati huo zaigoti imepatikana. Mjerumani Oscar Hertwig alishuhudia muungano wa namna hii mwaka 1876, akitumia mayai ya mnyama mdogo wa baharini mwenye miiba mwili mzima, kwa kuwa mayai yake yanapitisha mwanga na utungisho unafanyika majini, nje ya mwili. Kwa kuku tendo hilo hatulioni, limo ndani kabisa ya tumbo.

Wanafunzi walikuwa wananiuliza kama kwa binadamu ni hivyo hivyo. Mahali ni pale pale, juu kwenye mrija, karibu na ovari. Tofauti ni kwamba kromosomu ni 23 kwa 23, mbegu inayoruhusiwa kuingia ni moja tu na mlango unafungwa nyuma yake, na yai la binadamu halibebi akiba kubwa ya chakula kwa kuwa mtoto atalishwa na mama.

Zaigoti haikai muda mrefu ikiwa seli moja. Mrija una safari ya kama saa 24 hadi 26. Saa tatu hivi ni za kuvikwa ute, saa moja na kidogo ni za utando, na karibu saa 20 ni za ganda. Kama saa tano tangu kiini kiachie, seli ile inagawanyika kuwa mbili, kisha nne, kisha nane, na joto la mwili wa tetea linazidi kuisukuma. Tetea anapotoka kiotani akipiga kelele zake, kidoa kimeshakuwa bamba la makumi ya maelfu ya seli. Bamba hilo ndilo ile pete uliyoiona kwenye sahani. Katikati yake panafifia kwa sababu seli za hapo zimeachana na njano iliyo chini yake.

Hii ina maana moja ya kazi. Hujawahi kuokota zaigoti kiotani, na hutaiokota. Unachookota ama ni kijusi kilichoanza safari jana, ama ni seli iliyokosa mwenzake na haitapata tena. Hakuna dawa wala mashine itakayotia mbegu kwenye yai lililokwisha kutagwa. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakinunua trei za mayai ya kisasa dukani kwa bei nafuu na kuyatia kwenye mashine. Kuku wale wanafugwa bila jogoo. Umeme wa siku 21 unateketea bure.

Na hili la umbo nalo nilimalize hapa hapa. Wengi huku kwetu wanachagua mayai marefu wakitaka majogoo na ya mviringo wakitaka matetea. Kwa kuku, jinsia huamuliwa na upande wa tetea, sio wa jogoo. Yai lake limebeba ama kromosomu ya dume ama ya jike, na hilo limeshapangwa kabla mbegu haijafika. Umbo la yai linatengenezwa saa kadhaa baadaye, huko chini kwenye mrija. Yale marefu mno na ya mviringo kabisa acha kuyatotolesha, kwa sababu yanatotoa vibaya. Sababu ni hiyo tu.

Kumpanga jogoo

Sasa kazi yenyewe. Kwa kuku wa kienyeji ninaweka jogoo mmoja kwa matetea wanane hadi kumi. Kwa kuchi, ambao majogoo yao ni mazito na marefu, sizidishi wanane. Ukiwa na majogoo wawili kwenye banda dogo watashindana, na mwenye nguvu atatumia muda wake mwingi kumfukuza mwenzake badala ya kupanda. Kama matetea ni 20, wagawe mafungu mawili na uzio katikati.

Tetea ana hazina ambayo mfugaji lazima aijue. Chini ya mrija wake kuna vijifuko vidogo sana vinavyohifadhi mbegu zikiwa hai kwa siku nyingi na kuziachia kidogo kidogo. Ndiyo sababu kupandwa mara moja kunatosha mayai kadhaa. Jogoo akiondoka leo, wiki ya kwanza mayai mengi bado yatakuwa na mbegu. Wiki ya pili yanapungua. Wiki ya tatu ni moja moja, kisha yanakwisha. Jirani yangu alikuwa amefika wiki ya tano, ndiyo maana karibu mayai yote yaliyotagwa bandani kwake yalikuwa vidoa.

Hesabu hiyo hiyo inafanya kazi upande wa pili. Ukimleta jogoo mgeni kwa matetea waliokaa bila jogoo, mpe wiki moja hadi siku kumi kabla ya kuanza kukusanya mayai ya kutotolesha. Siku za mwanzo anapigana kwanza na hali ya ugeni. Na kama unabadilisha jogoo kwa sababu ya uzao, labda umeleta kishingo mzuri kutoka kijiji kingine ili kuepuka ndugu kuzaana, subiri wiki tatu tangu wa zamani aondoke. Vinginevyo utasifia vifaranga vya mgeni kumbe baba yao alishaliwa na ugali.

Mtazame jogoo jioni, kabla hawajalala, na alfajiri. Nyakati hizo mbili ndizo anazopanda zaidi. Mimi hukaa kwenye kigoda na daftari. Nimewahi kuwa na jogoo mzuri wa kuvutia, mwekundu, sauti yake inasikika mpaka barabarani, na kati ya matetea tisa alikuwa anawapanda wanne tu. Wale wengine watano mayai yao yalikuwa vidoa wiki nzima. Nilimtoa nikaweka mdogo wake, jogoo wa miezi minane asiye na umbo la kupigia picha, na baada ya siku kumi sahani ikaanza kuonyesha pete.

Vitu vingine vya kukagua ni miguu na manyoya. Jogoo mwenye kidonda cha unyayo au aliyechechemea hapandi vizuri, maana kazi yote anaifanya akiwa amesimama juu ya mgongo wa mwenzake. Ule mwiba wa mguuni ukirefuka unachana migongo ya matetea, nao wanaanza kumkimbia. Ukate ncha na uipige tupa iwe butu, usikate mpaka kwenye nyama. Wenye manyoya mengi sana nyuma, wa kike na wa kiume, wapunguze kwa mkasi kuzunguka tundu la kutagia, ili tundu kwa tundu vikutane. Jogoo hana uume wa kuingiza kama bata. Anagusisha tu kwa sekunde chache, na tabaka la manyoya linatosha kuharibu.

Uzito nao. Singida tuna mashudu ya alizeti kwa wingi na tunayamwaga bila kipimo. Tetea aliyenenepa hutaga vibaya na jogoo mzito huchoka. Changanya na pumba, dagaa kidogo, na majani mabichi kila siku, mchicha au mlonge. Chanjo ya kideri usiiruke, tone moja jichoni kila miezi mitatu. Na katika miezi ya joto kali, maji ya baridi na kivuli ni sehemu ya uzazi: jogoo aliyepigwa na joto siku kadhaa mfululizo mbegu zake hudhoofika.

Kutoka kiotani hadi kwenye mashine

Yai lenye pete linapopoa baada ya kutagwa, seli zinaacha kugawanyika. Hazijafa, zimesinzia. Chini ya nyuzi joto 20 hivi zinabaki zimelala, na juu ya hapo zinaamka. Tatizo letu ni kuamka nusu. Yai lililoachwa kiotani chini ya bati saa saba mchana linaanza kukua, jioni linapoa linaacha, kesho linaanza tena. Baada ya siku tatu za mchezo huo pete inakufa, na wewe unalipeleka kwa mwenye mashine ukiamini ni zima.

Kwa hiyo okota mara tatu kwa siku, asubuhi, saa sita na jioni. Mimi natumia mtungi. Nimeuzika nusu kwenye mchanga ninaoumwagilia maji asubuhi na jioni, uko pembe ya jiko la zamani ambako jua halifiki, na ndani yake napanga trei zangu ndogo. Upepo wa Singida unausaidia mchanga kupoa. Kipimajoto changu humo kinacheza kwenye 18 mpaka 20, hata nje kukiwa na 30. Friji ya nyumbani ni baridi mno, seli zinakufa.

Panga ncha iliyochongoka ikiwa chini. Usiyaoshe, kwa sababu ganda lina utando mwembamba wa kuzuia vijidudu na maji yanautoa. Lenye kinyesi kingi liweke kando, ule. Andika tarehe kwa penseli na alama ya banda. Siku saba ni mwisho wangu. Baada ya hapo kila siku inapunguza vifaranga. Yai lililosafiri kwa bodaboda lipumzike siku nzima, ncha chini, kabla ya kuingia kwenye joto.

Mashine yenyewe sitaizungumza sana, ina kitabu chake: nyuzi joto 37.5 kwa yenye feni, kugeuza mayai mara kadhaa kwa siku mpaka siku ya 18, unyevu kuongezwa siku tatu za mwisho, na kutotoa siku ya 21.

Siku ya saba, na swali la nani ana kosa

Zima taa usiku. Chukua boksi la viatu, toboa tundu dogo kuliko sarafu, weka simu ndani ikiwa imewasha tochi, na juu ya tundu weka yai upande wa mfuko wa hewa. Lenye uhai litakuonyesha buibui mwekundu, mishipa inayosambaa kutoka kwenye doa jeusi, na doa hilo hucheza ukisubiri. Moyo wake umekuwa ukipiga tangu siku ya pili. Lenye duara la damu bila mishipa lilianza likafa. Lililo wazi kabisa ndilo linaloleta ugomvi.

Yai lililo wazi siku ya saba linaweza kuwa halikuwahi kuwa na mbegu, au lilikuwa nayo ikafa mapema mno kabla ya damu kutokea. Tochi haiwezi kukuambia ni lipi. Sahani inaweza. Lipasue. Ukikuta kile kidoa kidogo kilichojikunja, rudi kwa jogoo. Ukikuta bamba jeupe lililotanuka, wakati mwingine lina povu povu au limepauka bila mishipa, mbegu ilikuwepo. Rudi kwenye mtungi, kwenye siku ulizoyahifadhi, kwenye safari, au kwenye mashine saa zake za mwanzo. Dawa za makosa haya mawili hazifanani hata kidogo, na mtu asiyepasua anaweza kuuza jogoo mzuri kwa kosa la bati la banda.

Nayaandika kwenye daftari kwa mistari miwili: yaliyoingia, na yenye mishipa siku ya saba. Ya jirani yalikuwa 17 kati ya 60, yaani asilimia 28. Fungu langu la mwezi huo huo, mashine hiyo hiyo, rafu ya juu yake, lilikuwa 56 kati ya 60. Nilimwonyesha mistari yote miwili. Mayai yake yaliyo wazi tuliyapasua yote 43 nje kwenye karai, mimi na yeye, mmoja ameshika tochi. Vidoa 41, na mawili yaliyotanuka.

Wiki iliyofuata alinunua jogoo mnadani. Nilimwambia asinipe mayai kabla ya siku kumi, akasubiri kumi na mbili. Alipokuja na trei alikuwa na sahani yake mwenyewe ndani ya mfuko, na mayai matano yaliyotengwa kwa kupasuliwa. Tuliyapasua barazani. Pete, pete, pete, kidoa, pete. Akaniuliza kidoa ni cha nani. Nikamwambia arudi nyumbani akakae na daftari jioni, aangalie ni tetea gani jogoo anampita.